Kirusi, Kipokezi na Damu ya Watu wa Musoma

Katika mwaka wa 1956 jarida moja la elimu ya urithi lichapwalo Uingereza lilitoa makala ya daktari Anthony Allison, na ndani yake mlikuwa na hesabu za damu ya watu wa wilaya ya Musoma, katika Tanganyika ya wakati ule. Watoto wachanga 287 walipimwa, na watu wazima 654. Kati ya watoto, 189 walikuwa na damu ya kawaida. 89 walikuwa wamerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja. Na 9 walikuwa wameirithi kwa baba na kwa mama pia, yaani walikuwa wagonjwa. Kati ya watu wazima, 400 walikuwa na damu ya kawaida, 249 walikuwa na jeni ya upande mmoja, na wagonjwa walikuwa 5 tu.

Msomaji na achukue kalamu. Kama wagonjwa wangaliishi sawa na wenzao, basi katika watu wazima 654 wangalionekana kama 20. Walionekana 5. Wale 15 wengine hawamo katika jedwali, wala jedwali halisemi walikwenda wapi. Lakini mzazi yeyote wa pwani ya ziwa aliyekwisha kuzika mtoto wa miaka miwili au mitatu, mwenye macho ya manjano na vidole vilivyovimba, hahitaji kuambiwa. Wale wa jeni ya upande mmoja, kwa upande wao, waliokuwa 31 katika kila watoto 100, katika watu wazima wamekuwa 38. Sababu yake Allison alikuwa ameieleza miaka miwili kabla, katika mwaka wa 1954: mwenye jeni moja ya selimundu huhimili malaria kuliko mwenye damu ya kawaida. Kwa hiyo malaria ilikuwa ikiwapunguza hawa wa kawaida, na selimundu ikiwaondoa wagonjwa, na wale wa katikati wakabaki wengi.

Nililisoma jedwali hilo mara ya kwanza ng'ambo, nilipokuwa mwanafunzi wa isimu, katika kitabu nilichokifungua kwa kutafuta jambo jingine kabisa. Kuliona jina la Musoma katika kitabu cha namna ile kulinishtua, maana mimi ni mtu wa huko. Makala haya ni matunda ya mshtuko huo, ijapokuwa yamechelewa. Nia yangu ni kueleza historia ya jambo moja la elimu ya tiba, yaani jinsi kirusi kinavyoshikana na seli, na jinsi ushikanaji huo ulivyogeuzwa kuwa njia ya kupeleka jeni nzima mahali pa jeni mbovu. Kisha kuyatazama maneno ambayo Kiswahili kinayo, au hakijayapata, kwa kulieleza jambo hilo. Wanabiolojia watanisamehe nikikanyaga shamba lao. Sikuingia kwa kuvuna, nimeingia kwa kuuliza njia.

Yafaa tuanze na ugonjwa wenyewe. Daktari James Herrick wa Chicago ndiye aliyetangaza, katika mwaka wa 1910, kwamba ameona katika damu ya kijana mmoja kutoka kisiwa cha Grenada chembe nyekundu zilizopindika kama mundu. Katika mwaka wa 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro imo katika himoglobini, ile protini ichukuayo hewa safi mwilini. Kisha Vernon Ingram, katika miaka ya 1956 na 1957, akaipata kasoro hiyo ilipo hasa: katika mnyororo mmoja wa himoglobini wenye asidi amino 146, ile ya 6 imebadilishwa. Basi. Katika maandishi ya jeni ni herufi moja tu iliyoandikwa pasipo pake. Sisi wa isimu jambo hili halitushangazi sana, maana twajua kwamba sauti moja yatosha kulifanya neno "paka" kuwa "taka"; lakini katika lugha msikilizaji huweza kumwuliza msemaji, "Umesemaje?" Damu haiulizi.

Jina la Kiswahili la ugonjwa huu, selimundu, ni jina zuri. Mundu mkulima wa Bunda anaujua mkononi mwake. Seli limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya chumba kidogo, ambalo Robert Hooke alilitumia mwaka wa 1665 alipoona vijumba katika kipande cha gamba la mti. Nasi tumelipokea kwa maana zake mbili, ya chumba cha mahabusu na ya chumba cha uhai. Yule mwenye jeni ya upande mmoja huitwa siku hizi mbebaji. Neno hilo msomaji aliweke akiba, maana litatutatiza mbele.

Sasa tuje kwenye kirusi. Kwa Kilatini *virus* ni sumu. Neno lilipofika kwetu lilikuta nyumba imekwisha kutandikwa: masikio ya Waswahili yalisikia "vi-" mwanzoni, yakaona huu ni wingi, na kwa hiyo umoja wake lazima uwe "kirusi". Ndivyo Waarabu walivyotupa *kitab* tukatoa "vitabu", na Waingereza wakatupa neno la klabu tukatoa "kilabu" na "vilabu". Wako wasomi wanaolalamika kwamba "kirusi" chafanana na jina la lugha ya Warusi. Mimi sioni kosa. Sarufi imefanya kazi yake, na muktadha utafanya yake.

Taabu ya neno hili si ya sarufi, ni ya historia. Katika mwaka wa 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa kutoka Musoma, na mwaka huo huo wataalamu wa Paris walikipata kirusi kilicho asili yake. Tangu hapo neno "virusi", ambalo kabla yake lilikuwa la madaktari na walimu wa sayansi, liliingia kila nyumba, na liliingia limeshikana mkono na neno jingine: virusi vya ukimwi. Hata leo katika vijiji vya Mara ukisema "ana virusi", hakuna atakayekuuliza ni virusi vya nini. Mafua ni ya virusi, surua ni ya virusi, lakini neno lenyewe limekwisha kupewa mwenyewe.

Ama kuhusu namna kirusi kinavyoingia katika seli, historia yake ni ndefu kuliko historia ya kuvijua virusi vyenyewe. Mwaka 1894 Emil Fischer, mkemia wa Kijerumani, alisema kwamba kimeng'enya na kitu kinachokitendea hulingana kama ufunguo na kufuli. Mwenzake Paul Ehrlich, karibu na mwaka wa 1900, alifundisha kwamba juu ya seli mna vitu ambavyo sumu huvishika kabla ya kudhuru, akavipa jina la kipokezi kwa lugha yake. Mwingereza John Newport Langley, mwaka 1905, alifika karibu na wazo hilo hilo kwa kuchunguza misuli na sumu ya nikotini. Hakuna kati yao aliyekuwa amekiona kipokezi. Walikidhani kwa matendo yake, kama mtu adhaniavyo kuwa mna mbwa katika boma kwa kusikia mbweko.

"Kipokezi" ni neno ambalo ningependa kulitetea, kwa kuwa wako wanaotaka kuliacha na kutumia neno la kigeni lililotoholewa. Kiambishi "-zi" mwishoni mwa majina yetu huonyesha mtenda ambaye kutenda ndiyo kazi yake: lea hutoa mlezi, tetea hutoa mtetezi, okoa hutoa mwokozi. Kipokezi basi ni kitu ambacho kazi yake ni kupokea. Na kupokea kwa Kiswahili si kupewa tu. Mgeni afikapo na mzigo kichwani mwenyeji hutoka akampokea. "Nipokee" maana yake ni "nitue mzigo huu". Tutaona punde kwamba maana hii ya kutua mzigo inalingana na mambo yalivyo ndani ya mwili kuliko lile neno la Kilatini ambalo Wazungu wanalo.

Kwani kipokezi hakikuwekwa juu ya seli kwa ajili ya kirusi. Kila kimoja kina shughuli yake ya halali. Kipokezi kiitwacho CD4, ambacho mwaka 1984 wataalamu wa London na wa Paris walionyesha kuwa ndicho kirusi cha ukimwi hukishika, ni chombo cha askari wa damu cha kutambuana katika ulinzi wa mwili. Kirusi hukishika kwa protini yake iliyochomoza nje; protini hiyo ikishashika hujigeuza umbo, ikafunua sehemu iliyokuwa imefichwa; sehemu hiyo hushika kipokezi cha pili, kiitwacho CCR5, ambacho kazi yake kilijulikana mwaka 1996; ndipo utando wa kirusi na utando wa seli huyeyukiana kuwa kitu kimoja, na yaliyomo ndani ya kirusi yakamiminika. Hapa mfano wa ufunguo na kufuli hautoshi, maana ufunguo haujigeuzi umbo ndani ya kufuli, wala mlango hauna desturi ya kuunganika na mkono wa mwizi.

Hapa pia lugha yetu ina mtego wake. Nimesoma maandishi ya Kiswahili yasemayo kwamba kirusi "hujifunga" kwenye kipokezi, halafu aya inayofuata yasema kwamba kwa kufanya hivyo "hufungua" seli. Wajuao sarufi wanafahamu kwamba "fungua" ni "funga" iliyopinduliwa na kiambishi. Mwandishi amefunga na kufungua kwa pumzi moja, na msomaji asiye mtaalamu hupotea hapo hapo. Mimi nasema "hushikana". Kauli ya kutendana yafaa, kwa kuwa kirusi hakishiki peke yake: umbo la kipokezi nalo lakishika kirusi.

Wazo la kukitumia kirusi kuwa mchukuzi lilitokana na kuona kwamba kirusi cha ukimwi kinajua jambo moja ambalo madaktari walikuwa wakilitamani, yaani kuandika maandishi yake ndani ya vinasaba vya seli hata seli hiyo isipokuwa katika kugawanyika. Mwaka 1996 Luigi Naldini, Inder Verma, Didier Trono na wenzao walitangaza kwamba wamekitengeneza kirusi cha namna hiyo kisichoweza kuzaana. Waliondoa sehemu kubwa ya jeni zake, wakaweka mahali pake jeni waitakayo. Na protini ile ya nje, inayotafuta CD4, waliiondoa pia. Ufunguo wa mwizi ulitupwa.

Ufunguo mpya ulitoka kwa ng'ombe. Katika bara la Amerika mna ugonjwa wa ng'ombe na farasi ambao huleta malengelenge mdomoni na kwenye kwato, hata wafugaji wa huko huuchanganya na ugonjwa wa miguu na midomo, ule ambao wafugaji wa Serengeti na Tarime wanaujua vyema. Kirusi chake kina protini moja nje, iitwayo G kwa kifupi, na protini hiyo ina sifa ya ajabu: huingia karibu katika kila aina ya seli. Mwaka 1993 kundi la Theodore Friedmann huko California lilikwisha kuonyesha kwamba yaweza kuvikwa virusi vya jamii nyingine. Basi kile kiini kilichotokana na kirusi cha ukimwi kilivikwa koti la kirusi cha ng'ombe. Mafundi wa Kiswahili wanao msemo wa ufunguo uingiao kila kufuli: ufunguo malaya. Sijathubutu kuutumia msemo huo mbele ya wazee wa Butiama, lakini nakiri kwamba ndio unaoeleza jambo hili kwa ufupi kuliko wote.

Kwa nini ufunguo huu uingie kila mahali? Kwa muda wa miaka mingi iliaminika kwamba protini G hushika aina ya mafuta iliyomo katika utando wa kila seli. Fundisho hilo lilianza katika miaka ya 1980, likanakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu, na lilielekea kuwa kweli kwa sababu lilieleza kila kitu. Mwaka 2004 wachunguzi wa Marekani walipima idadi ya mafuta hayo katika seli mbalimbali, wakaona kwamba hailingani hata kidogo na wepesi wa seli kuingiwa. Ndipo mwaka 2013, katika Taasisi ya Weizmann huko Israeli, kipokezi chenyewe kilipojulikana: ni kile kipokeacho lehemu. Miaka mitano baadaye Wafaransa waliuchora mshikano wao, na kuonyesha ni vipande vipi vya kipokezi hicho ambavyo protini G hushika.

Kipokezi cha lehemu kilikuwa na sifa zake tangu zamani. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Texas walikigundua katika miaka ya 1970, na mwaka 1985 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Lehemu haielei peke yake katika damu; huchukuliwa katika vifurushi vidogo vya mafuta na protini. Kipokezi hukishika kifurushi, seli hujibonyeza ndani mahali hapo, na kifurushi pamoja na kipokezi huzama katika kifuko. Ndani ya kifuko mna asidi. Asidi humfanya mpokezi aachie mzigo, naye hurudi juu kungoja mzigo mwingine. Hivi ndivyo nilivyosema kwamba neno letu la kupokea lalingana na mambo yalivyo: hiki ni kipokezi kwa maana ya yule anayekutua mzigo mlangoni. Kirusi kilichovaa protini G hushika mkono ule ule, kikazamishwa katika kifuko kile kile, na ile asidi iliyowekwa kwa ajili ya kutua mzigo ndiyo inayoifanya protini G ijipindue na kuutoboa utando wa kifuko. Kilichomo ndani hutoka, huenda kwenye kiini cha seli, na jeni huandikwa.

Tazama jinsi jambo lililokosewa kwa miaka ishirini lilivyokuwa na madhara. Ili kumtibu mgonjwa wa selimundu hapana budi kuzifikia seli mama za damu, zile zikaazo katika uboho wa mifupa na kuzaa damu yote. Seli hizi kwa kawaida zimetulia, na zikitulia hukikataa kirusi hiki, na watu hawakujua kwa nini. Mwaka 2014 ilionekana kwamba seli zilizotulia hazina kipokezi cha lehemu cha kutosha. Mlango haupo, kwa hiyo hakuna ufunguo utakaofaa. Yapasa kwanza seli zitolewe mwilini, ziamshwe kwa dawa katika chombo, zitoe vipokezi vyake nje, ndipo kirusi kitiwe.

Mwaka huo huo wa 2014, katika hospitali ya Necker mjini Paris, mvulana wa miaka 13 alitibiwa selimundu kwa njia hii, na habari zake zilitangazwa mwaka 2017. Seli zake mwenyewe zilitolewa, zikaandikwa jeni nzima, zikarudishwa. Tarehe 8 Desemba 2023 serikali ya Marekani iliidhinisha tiba hiyo itumike huko, pamoja na nyingine isiyotumia kirusi bali mkasi wa jeni. Si tiba nyepesi. Kabla ya kurudishiwa seli mgonjwa hupewa dawa kali ya kuufyeka uboho wa zamani, na dawa hiyo yaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Nao wagonjwa wawili waliotibiwa katika hatua za mwanzo za majaribio walipatwa na saratani ya damu, hata onyo la jambo hilo limeandikwa juu ya dawa.

Sasa turudi Musoma, maana kuna jambo moja lililotokea karibuni ambalo laliunganisha yote haya. Kati ya miaka ya 2017 na 2018 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walitaka kujua selimundu imeenea kiasi gani katika mikoa ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Hawakwenda kuchoma watoto vidole upya. Walichukua vipande vya karatasi vyenye matone ya damu yaliyokauka, ambavyo vilikuwa vimekwisha kukusanywa kwa ajili ya kupima watoto waliozaliwa na mama wenye virusi vya ukimwi. Vilikuwa zaidi ya 17,000. Kama mtoto 1 katika kila 5 alikuwa na jeni ya upande mmoja, na wagonjwa walikuwa zaidi kidogo ya 1 katika kila 100. Kwa hiyo tone moja la damu lililotolewa kwa ajili ya kirusi kile ndilo lililotoa habari za jeni hii. Na kiini cha kirusi kile ndicho kichukuacho jeni nzima katika tiba mpya. Mambo haya mawili hayakupangwa na mtu mmoja. Lakini mzazi wa Mara atakapoelezwa, yote mawili yatafika mlangoni pake katika neno moja: virusi.

Nilipokuwa likizo nilijaribu kulieleza jambo hili kwa Kiswahili kwa mama mmoja wa Bunda, jamaa wa rafiki yangu, ambaye mwanawe wa miaka tisa ana ugonjwa huu. Nilianza vibaya. Nilisema kwamba "kibebaji" cha jeni ni kirusi kilichotokana na kirusi cha ukimwi. Akaniangalia kwa muda. "Mwalimu," akasema, "mbebaji ni mimi na baba yake. Ndivyo tulivyoambiwa kliniki. Sasa wasema mbebaji ni ukimwi?" Nilitambua hapo hapo kosa langu. Neno la mzazi mwenye jeni moja na neno la kirusi cha tiba tumeyatoa katika kitenzi kimoja, na kiambishi cha "ki-" mbele yake hakitoshi kuyatenga katika sikio la mtu aliyejaa hofu. Tangu siku hiyo naandika "kichukuzi". Neno la mchukuzi lina heshima ya bandarini na ya njia za misafara, na lina faida kwamba mchukuzi hubeba mzigo wa mtu mwingine, na akishautua kazi yake imekwisha.

Nilianza upya. Nilimwambia kwamba kirusi cha ukimwi kina mambo mawili: ufunguo wake na mzigo wake. Mzigo umeshushwa, ukatiwa mwingine. Ufunguo umetupwa, ukawekwa wa ugonjwa wa ng'ombe, ambao peke yake haumfanyi mtu ang'atwe na ugonjwa. Hakizai. Huingia mara moja, kikafia humo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali ambayo mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu hajaniuliza: ufunguo ule ukiingia seli isiyotakiwa je? Kama kimeandika mahali pabaya je? Nilimjibu kwamba ndiyo maana seli hutolewa nje ya mwili kwanza, ili ufunguo usitembee huko na huko. Na kwamba swali la pili ndilo madaktari wenyewe wanaliogopa, na kwa sababu hiyo wagonjwa wote hufuatwa kwa miaka mingi. Nilimwambia pia habari ya dawa ya kuufyeka uboho, na ya kuzaa. Hiyo aliitaka irudiwe.

Butiama ni jirani, na ndiko alikozaliwa mtu aliyeonyesha, alipomfasiri Shakespeare mwaka 1963, kwamba Kiswahili kinaweza kuchukua mzigo wa lugha yoyote. Naye alifariki London mwaka 1999 kwa saratani ya damu. Mwaka 2017 kichukuzi cha namna hii hii, chenye kiini kile na ufunguo ule, kilikubaliwa Marekani kwa kutibu aina moja ya saratani ya damu ya watoto na vijana. Nalitaja hili kwa kuwa mama yule ndiye aliyeniuliza kama dawa hii ingalimfaa Mwalimu. Nilisema kwamba aina hiyo siyo, na kwamba wakati wake haikuwapo.

Kisha akaniuliza bei. Nilimwambia kwamba ile iliyoidhinishwa mwaka 2023 ilitangazwa kwa dola 3,100,000 kwa mgonjwa mmoja. Akadhani nimekosea kusema, kwamba nilikusudia shilingi.